Karata Kumi na Sita Safi

Karata za baba zilikuwa hamsini na mbili, lakini nyumbani kwetu tulizifahamu thelathini na sita tu. Baba alipenda mchezo wa albastini, na albastini haina kazi na mbili, nane, tisa wala kumi. Karata hizo kumi na sita alizitoa siku ileile aliyonunua pakiti, akazifunga kwa mpira na kuzirudisha ndani ya boksi. Zilizobaki tulizicheza miaka yote: baba, mama, mimi na wadogo zangu watatu, baada ya kula, vidole vikiwa bado na mafuta ya samaki, na wakati wa mavuno vikiwa na vumbi la mahindi.

Mama alifariki nikiwa darasa la saba. Baba akamfuata nikiwa kidato cha pili. Muhula uliofuata sikurudi shuleni, kwa sababu mdogo wangu wa mwisho alikuwa bado anahitaji mtu wa kumfunga vifungo vya shati. Nilirithi shamba la Mollo, nyumba ya vyumba viwili Malangali, wadogo zangu, na karata. Karata niliziweka kwenye mfuko wangu wa kazi, pamoja na shazia na donge la uzi wa katani. Shazia ni ile sindano ndefu ya kushonea magunia, na kushona magunia ndiyo kazi iliyotulea.

Kila mwaka mahindi yakishakauka, kituo cha kununulia mahindi kinafunguliwa pembeni mwa mji, na wakulima wa Ufipa yote wanakuja na matela, mikokoteni na malori. Wanakaa foleni siku nyingi, wamejifunika makoti kwa sababu ya upepo wa huku kwetu, wakisubiri mzani. Mimi nakaa karibu na mzani. Mkaguzi anachoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji kinachotoa punje za katikati, anatazama unyevu, na gunia likikubaliwa ninalifunga mdomo kwa mishono kumi na minne. Pale uwanjani hakuna anayenizidi kasi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Mwaka ninaousimulia, mdogo wangu anayenifuata alichaguliwa kwenda chuo cha uuguzi. Barua ilisema aripoti mwisho wa mwezi akiwa na nusu ya ada, na asiporipoti nafasi yake anapewa mwingine. Tulikuwa na magunia kumi na nane ya kuuza. Kwa bei ya kituo yalitosha nusu ya ada na nauli. Kwa bei ya walanguzi wa barabarani hayakutosha hata tungefanyaje. Tatizo lilikuwa foleni. Nilichelewa kuvuna kwa sababu nilikuwa nawavunia wengine kwa malipo, na nilipoyafikisha mahindi yetu nikaandikwa nafasi ya themanini na tatu. Wiki ileile zikaja habari kwamba maghala yanajaa, na mzani utasimama Ijumaa jioni, wakati orodha yetu ingeanza kupimwa Alhamisi asubuhi, ya wiki iliyopita ikishaisha.

Foleni ile ilikuwa na sheria zake, na hazikuwekwa na ofisi. Tuliziweka wenyewe. Daftari la majina lilishikwa na mzee mmoja wa Mollo, jirani wa shamba letu, aliyekuwa akilima bega kwa bega na baba. Nafasi moja ilikuwa na haki ya magunia thelathini, si zaidi. Nafasi haikuuzwa. Ukionekana umeiuza, mzee anafuta jina lako na la mnunuzi. Lakini watu wawili waliweza kubadilishana mbele ya daftari, kila mmoja akitamka kwa mdomo wake kwamba ameridhika. Na kwa kuwa mtu wa mbele haridhiki bure, ikazoeleka kwamba nafasi zinachezewa karata. Anayeshindwa anakwenda kwa mzee na kusema ameridhika, na mzee anaandika bila kuuliza ameridhishwa na nini.

Mwaka huo karata zilizochezwa zilikuwa zangu, na mchezo haukuwa albastini. Ulikuwa poka. Aliyeuleta ni mfanyabiashara mmoja kutoka Mbeya, mtu mcheshi wa makamo, aliyejifunza kwa madereva wa malori pale Tunduma. Alikuja na magunia tisini na akaandikwa nafasi tatu za nyuma, sabini na tano, sabini na sita na sabini na saba. Makuli walimwita Tajiri, na yeye aliitika. Jumatatu asubuhi aliniomba karata.

"Hizi hazijatimia, dada," alisema alipozihesabu.

"Zimetimia. Nyingine ziko ndani ya boksi."

Nikaufungua mpira kwa mkono wangu, nikampa zile kumi na sita, akazichanganya na zingine. Lazima niliseme hili mapema. Aliyeufungua mpira ni mimi.

Kufikia Jumatano, nafasi zake tatu zilikuwa kumi na mbili, arobaini na arobaini na moja. Ile ya kumi na mbili aliipata kwa mkulima wa Mwazye, mtu mkimya aliyekuwa na magunia ishirini na matatu, ambaye baada ya kushindwa alihama na tela lake hadi nyuma.

Mimi nilikuwa nashona kando ya lori la Tajiri, na mzani ulipopumzika alinifundisha. Alilaza gunia tupu chini likawa meza. Kila mmoja anapewa karata mbili za siri. Kisha zinafunuliwa tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja, na hizo tano ni za wote. Unaunganisha zako na za wote kutafuta mkono bora wa karata tano. Kila hatua mtu anaweza kuweka maharage kwenye fungu la katikati, na mwenzake ama anafuata kwa kuweka idadi ileile, ama anapandisha, ama anaweka karata zake chini na kuliacha fungu.

Siku ya kwanza niliweka karata chini kabla ya ile ya mwisho kufunuliwa. Tajiri akauliza nilikuwa na nini.

"Sina kitu. Kopa nne tu."

"Usiseme huna kitu. Kopa tano zinaua karibu kila mkono, na wewe unazo nne. Pakiti ina kopa ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Toa nne unazoziona."

"Tisa."

"Hizo tisa ni karata zako za kuokoa. Ziko humu ndani, hujui wapi, lakini unajua idadi. Karata usizoziona ni arobaini na sita. Tisa katika arobaini na sita, hiyo ni kama moja katika tano. Sasa ucheze mkono huo mara tano kichwani. Mara nne unalipa na kukosa, mara moja unapata. Fungu likikulipa zaidi ya hasara ya zile mara nne, fuata. Likikulipa pungufu, weka chini, hata moyo ukiwaka moto."

"Na moyo ukisema inakuja?"

"Moyo haujui kuhesabu, dada."

Somo la uwezekano lipo kidato cha nne. Sikulifikia. Nilikuwa mzuri wa hesabu, na kati ya vyote nilivyoacha shuleni hesabu ndizo zilizoniuma. Kwa hiyo siku zile tatu nilishona huku nikicheza mikono mitano mitano kichwani. Karata nne za kuokoa, nahitaji fungu kubwa. Tisa, nafuata kwa bei ya kadiri. Tisa na karata mbili bado zinakuja, nafuata hata kwa bei kali. Makuli wakaanza kunitania kwamba nasali rozari.

Jumatano mchana, mzani ukiwa umesimama kwa chakula, nilimfuata Tajiri.

"Nataka nafasi yako ya kumi na mbili."

Alicheka, akaona mimi sicheki, akaacha. "Unaweka nini?"

"Nakushonea magunia yako yote tisini bure, na mzigo wako mwingine utakaouleta msimu huu."

"Mshonaji ameamua kuruka foleni," kuli mmoja alisema.

"Atashona mpaka Krismasi," mwingine akaitikia.

Tajiri alinitazama. "Nimekufundisha siku tatu tu."

"Ndiyo maana nimekuja leo. Kesho utakuwa umeshapima."

Watu wakasogea. Mzee wa daftari naye akaja, akaketi juu ya debe lililogeuzwa, daftari likiwa magotini. Nilimsalimu, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Baba yako alikuwa hachezei mali." Nilimjibu kwamba nachezea kazi yangu, na kazi yangu ni ya kwangu.

Tulianza na maharage thelathini kila mmoja, atakayeishiwa ndiye ameshindwa. Nilikuwa nimeamua jambo moja tu: nitafuata hesabu, sitafuata sura yake. Nilipoteza kidogo, nikapata kidogo, nikapoteza tena. Mara mbili niliweka chini mikono ambayo ningependa kuicheza. Watu wakaguna. Yeye alicheza kama mtu anayekula karanga, anaongea, anatazama huku na huku, lakini kila nilipokuwa na karata nzuri aliziona kwa mbali na kuniachia fungu dogo. Nilidhani ndio uzoefu.

Kisha ukaja mkono ninaoukumbuka. Nilikuwa nimebaki na maharage ishirini na manne. Nilipewa sita ya kopa na nne ya kopa. Tuliweka matatu matatu. Zikafunuliwa mfalme wa kopa, jeki wa kopa na tatu ya uru. Sasa nilikuwa na kopa nne, na karata mbili zilikuwa bado. Akaweka sita, nikafuata, kwa sababu kwa karata mbili bei ile ilikuwa halali. Ikafunuliwa ya nne: malkia wa pau. Haikunisaidia.

Fungu lilikuwa na maharage kumi na manane. Tajiri akasukuma mengine sita, polepole, moja baada ya jingine.

"Hesabu, mwanafunzi," alisema.

Nikahesabu. Nalipa sita kupata ishirini na manne. Karata tisa za kuokoa katika arobaini na sita. Mara tano kichwani: mara nne nakosa, nimepoteza ishirini na manne. Mara moja napata, nimepata ishirini na manne. Sawasawa. Tena, kwa kuwa tisa katika arobaini na sita ni pungufu kidogo ya moja katika tano, nilikuwa chini ya sawasawa kwa unywele. Alikuwa amepima bei ile makusudi, kama mkaguzi na bambo lake, akakata pale ambapo hesabu haisemi ndiyo wala hapana.

Nikatazama pakiti iliyobaki, imelala juu ya gunia kati yetu, jua la saa saba likiipiga. Na nikaiona karata ya juu.

Mgongo wake ulikuwa safi. Nakshi ya bluu ilikuwa inang'aa kama dukani na ukingo wake ulikuwa mweupe. Nikatazama zile nne zilizofunuliwa: kingo zake zilikuwa za kijivu, za miaka ya mafuta ya samaki na vumbi. Nikatazama mbili zangu. Kijivu. Nikatazama mbili alizozishika yeye, migongo ikinielekea mimi. Kijivu.

Sikuhitaji kufikiri sana, kwa sababu uchafu ule ulikuwa wa familia yetu. Karata chafu ni za albastini. Karata safi ni mbili, nane, tisa na kumi, basi. Tulikuwa tumecheza siku tatu na pakiti inayosema yenyewe, na uwanja mzima ambao umelelewa na albastini haukuona, kwa sababu tulizoea karata safi ziwe ndani ya boksi. Kabla ya Jumatatu ile hakuna aliyewahi kuziona zikiwa pamoja na nyingine mezani.

Nikahesabu upya. Karata safi zote kumi na sita zilikuwa bado ndani ya pakiti. Kati yake kopa ni nne. Ya juu ni safi, kwa hiyo nafasi yangu si moja katika tano tena, ni moja katika nne. Mara tatu napoteza sita, jumla kumi na nane. Mara moja napata ishirini na manne. Fuata. Hesabu ilisema fuata bila kusita, na nyuma ya hesabu nilimwona mdogo wangu ameshika barua yake ya chuo, ameikunja mara nne ili isichafuke.

Sikunyamaza, na sitaki msomaji adhani ni kwa sababu ya utakatifu. Karata zilikuwa zangu. Nikishinda, halafu kesho kuli mmoja azione kingo zile, atasema mwenye karata alijua, na mshonaji asiyeaminika hashiki gunia la mtu. Hilo lilikuwa jambo la kwanza. La pili, nilitaka kumshinda kwa hesabu alizonifundisha, si kwa uchafu wa vidole vya marehemu baba. Nikapima bei ya kusema. Tutachanganya upya, nitashuka kutoka moja katika nne hadi moja katika tano. Niliona naweza kuilipa.

"Mzee," nilisema, "hizi karata zinaonekana kwa nyuma."

"Zinaonekanaje?"

"Safi ni zile tusizochezea albastini. Ya juu hapo ni mbili, au nane, au tisa, au kumi. Naomba zitiwe kwenye gunia tupu zichanganywe humo, na ya mwisho uitoe wewe bila kutazama. Nikishajua hivyo ndipo nitasema nafuata au sifuati."

Mzee hakuzitia kwenye gunia. Aliichukua pakiti, akazikusanya na zilizofunuliwa, na mbili zangu, akanyoosha kiganja mbele ya Tajiri mpaka naye akatoa zake. Kisha akazigawa taratibu mafungu mawili kwa kutazama migongo tu. Alipomaliza akalifunua lile dogo. Mbili, nane, tisa, kumi. Kumi na sita, hakuna mgeni hata mmoja.

Kisha yule mkulima wa Mwazye, ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya salamu, alisema:

"Jumatatu nilishika karata mbili za kumi. Ukaweka chini."

"Ndugu yangu, mtu anaweka chini kwa sababu nyingi," Tajiri alisema.

"Nilikuwa sijaweka hata harage moja. Uliona nini?"

"Niliona uso wako."

"Uso wangu uko hivihivi siku zote," mkulima alisema, na hilo lilikuwa kweli, watu wakacheka, lakini si kwa raha. Wengine wawili waliobadilishana nafasi naye wakasogea mbele. Mmoja akasema rudisha, mwingine akasema rudisha, na kuli aliyekuwa akinitania akauliza kwa sauti kubwa, "Na mshonaji naye? Karata si zake?"

"Aliyesema ni nani?" mzee alimuuliza.

Mzee akafungua daftari. Alilowesha kidole, akapekua hadi Jumatatu. "Mtu aliridhika kwa sababu alidhani karata hazionekani," alisema. "Zilionekana. Kwa hiyo hakuridhika. Kila aliyebadilishana kwa karata hizi anarudi alipokuwa."

Akaanza kufuta. Sabini na tano, sabini na sita na sabini na saba zikarudi kwa Tajiri. Kumi na mbili ikarudi kwa mkulima wa Mwazye. Na mimi, ambaye dakika chache kabla nilikuwa na robo ya nafasi hiyo mkononi, nilibaki na themanini na tatu, nikiwa nacheza na mtu ambaye hakuwa tena na kitu cha kunipa.

Nilikuwa nimehesabu karata vizuri. Watu sikuwahesabu. Nilipima bei ya kusema kama vile pale tulikuwapo wawili tu, mimi na yeye, nikasahau wote waliokuwa wamepoteza kabla yangu.

Watu walipotawanyika, Tajiri aliokota maharage yake moja moja akayatia kwenye kopo.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Tangu Jumatatu jioni." Alisema bila kuficha uso. "Karata ni zenu, dada. Nilidhani mnajua."

Hadi leo sijaamua kama alikuwa anasema kweli. Nilirudi kwenye shazia yangu, kwa sababu mzani ulikuwa umeanza tena, na nikashona gunia la kwanza vibaya kiasi kwamba nililifumua. La pili likakaa sawa. Katikati ya la tatu nikaanza kujiuliza lile swali la kwanza alilonifundisha. Usiseme huna kitu. Zimebaki ngapi?

Mzani kwa kasi ile ungefika nafasi ya sabini Ijumaa jioni. Nafasi yangu ilikuwa imekufa, hiyo nikaiondoa. Kumwomba mtu wa mbele abadilishane nami bure, nikaiondoa. Ikabaki nafasi ya mkulima wa Mwazye. Ilikuwa na haki ya magunia thelathini, naye alikuwa na ishirini na matatu. Saba yalikuwa wazi. Na likabaki lori la Tajiri. Sasa halingefika kwenye mzani, lingelazimika kwenda kuuza mzigo Tunduma, na nilikuwa nimelishonea kando siku tatu nikajua linabeba magunia mia moja. Kumi yalikuwa wazi. Hizo zilikuwa karata zangu za kuokoa: mbili, zote za watu ambao saa ile hawakuwa na sababu ya kunipenda.

Nilimkuta mkulima akilisogeza tela lake mbele.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Una nafasi ya magunia saba juu ya yako. Naomba niyatie mahindi yangu humo, kwa jina langu kwenye risiti. Magunia yako yote nakushonea."

Aliendelea kufunga kamba. "Kushona ni shughuli ya mzani. Nitashonewa tu."

"Utashonewa na atakayekuwepo. Mimi nashona mishono kumi na minne. Wengine tisa. Likipasuka ghalani wanakata kwako."

Hapo akanitazama. "Shemeji yangu ana matatu. Nilishamwahidi."

"Basi manne."

"Wewe ndiye uliyesema zile karata."

"Ni mimi niliyezileta pia," nilisema, kwa sababu nilijua angelikumbuka baadaye, na ni afadhali alikumbuke nikiwepo.

Alifikiri kwa muda mrefu, kama anavyofikiri mtu wa Mwazye, kana kwamba tuna wiki nzima. "Manne," alisema. "Lakini uyapepete upya. Bambo likikuta takataka kwenye yako, wanarudisha na yangu."

Niliyapepeta upya siku ileile, mimi na wadogo zangu wote watatu, na Alhamisi saa nne asubuhi yalipita bila swali.

Kwa Tajiri nilikwenda mchana. Nilimwambia anarudi na nafasi ya magunia kumi na mafuta ya lori ni yaleyale. Akataja bei ya barabarani. Nikamwambia bei hiyo naipata barabarani, sikuhitaji kutembea hadi kwake. Akapandisha kidogo, nikatikisa kichwa. Akasema atanunua kwa mwingine. Nikanyanyua mabega, nikaketi kwenye kivuli cha gurudumu lake, nikaendelea kusokota uzi. Nilikuwa nimepiga hesabu njiani: waliobaki nyuma wengi walikuwa na mahindi mabichi, na yangu alikuwa ameyaona yakipimwa asubuhi. Alizunguka lori mara mbili. Mara ya tatu akasimama mbele yangu.

"Ungekuwa mwanafunzi mbaya ningekuwa nimepata faida," alisema, akataja bei ya katikati, na nikaipokea. Aliponipa mkono aliongeza, "Ungefuata?"

"Lini?"

"Jana. Kama mzee angechanganya tukaendelea. Moja katika tano, fungu linakulipa nne. Ungefuata?"

"Ningefuata."

"Hesabu inakataa. Kwa unywele, lakini inakataa."

"Hesabu ya kwenye fungu inakataa. Lakini kopa ingekuja, wewe ungeniwekea mengine. Usingekubali kuniachia mbele ya makuli."

Alicheka kwa sauti na kupanda kwenye lori lake. Sikumwona tena pale kituoni.

Magunia manne na kumi, kumi na manne. Hayakutosha nusu ya ada na nauli. Nusu ya ada ilitimia, nauli ilikosekana. Magunia manne yaliyobaki nikayauza kwa debe pale nyumbani Malangali, kwa majirani, na Jumamosi mdogo wangu akaondoka na begi la mama, siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Mwaka huo tulikula ugali wa ulezi zaidi ya kawaida, na wadogo wawili waliobaki walinung'unika, nikawaacha wanung'unike.

Karata nilizileta nyumbani jioni ileile ya Jumatano. Niliutupa mpira. Niliwaambia wadogo zangu kwamba kuanzia siku hiyo tunacheza kwa hamsini na mbili zote, na hakuna kunawa mikono kabla. Walifurahi sana kuruhusiwa jambo hilo. Nikawafundisha poka kwa punje za mahindi, karata za kuokoa kwanza, bei ya fungu baadaye, na yule wa mwisho, ambaye sasa anajifunga vifungo mwenyewe, ananishinda mara moja katika tatu.

Mdogo wangu muuguzi akija likizo huzichukua karata na kuzikagua kingo kwenye mwanga wa mlango, kwa macho yaleyale anayotazama vidonda. Zile kumi na sita bado zinaonekana ukizijua. Lakini kila mwaka anachelewa zaidi kidogo kuzipata, na mara ya mwisho alikosea karata mbili.